Nilimrudishia Ufunguo

Ndugu msomaji,

Mimi ni karani wa parokia huku Newala. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na marehemu, na kutoa stakabadhi za zaka. Nilisomea ualimu katika chuo cha Kitangali, kwa hiyo wengi huniita Mwalimu mpaka leo, ingawa chaki niliiacha zamani. Sisemi haya kwa kujivuna. Nasema ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu asiyejua hatari akiiona. Niliijua. Hata hivyo nilikosa, na kosa hilo ndilo ninalotaka kukusimulia, ili wewe usilitende.

Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 2021. Msomaji wa Masasi au Newala hana haja ya kuelezwa Novemba ni mwezi gani. Ni wakati wa korosho. Magunia yamekwisha pelekwa ghalani kwa chama cha msingi, minada inafanyika, na fedha zinaanza kuingia mikononi mwa watu. Arusi zilizongoja mwaka mzima hufuatana Jumamosi baada ya Jumamosi. Chini ya mikorosho mabibo yametapakaa, na penye mabibo hapakosi uraka.

Jumamosi moja jirani yetu alimwoza binti yake. Mimi niliwekwa mwandishi wa michango, maana kalamu ndiyo jembe langu. Nilikaa mezani chini ya mwembe na daftari na mkoba. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuja kutoka Masasi na pikipiki yake ya bodaboda. Alikuwa na miaka 22. Alipofika alinisalimu kwa heshima, akaniambia, "Shikamoo mjomba. Niwekee ufunguo huu, nisije nikaupoteza ngomani." Nikautia mkobani pamoja na fedha za michango.

Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kando. Kijana akitaka kuoa, huulizwa mjomba. Akikosa, huitwa mjomba. Akifikwa na shauri, mjomba ndiye wa kwanza kutafutwa. Basi angalia, msomaji, jinsi ufunguo ule ulivyokuwa mahali pake hasa.

Yapata saa mbili usiku alinijia. Macho yalikuwa mekundu na maneno yakimteleza. Akasema, "Mjomba, naomba ufunguo. Narudi Masasi. Kesho alfajiri nina abiria."

Nikamwambia, "Lala hapa, utaondoka asubuhi."

Akacheka. "Mjomba, umeniona mtoto? Nimekunywa kidogo tu. Njia hii naijua hata nikifumba macho."

Mama mmoja mzee aliyekuwa akiosha masufuria karibu nasi aliinua kichwa, akasema, "Mwalimu, mtoto huyu hajiwezi. Mlaze."

Lakini vijana wenzake walikwisha anza kutucheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe bado ananyonya kwa mjomba wake!" Wageni wakageuka kutazama, na baadhi yao walikuwa wakwe. Nikaona haya. Nikajisemea moyoni kwamba ni mtu mzima, pikipiki ni yake, nami ni nani nimwaibishe mbele ya watu? Nikafungua mkoba, nikampa ufunguo. Nikamwambia, "Basi nenda polepole," kana kwamba neno hilo lina breki ndani yake.

Hakufika mbali. Kabla hata ya kufikia mteremko wa kushuka kutoka juu huku kwenda Masasi, alimgonga mzee mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli yenye madumu mawili ya maji. Wewe unajua shida ya maji ya nchi hii ya juu. Mtu huyafuata hata usiku. Mzee yule alikuwa ukingoni mwa barabara, upande wake, hana kosa lolote. Mpwa wangu alivunjika mtulinga. Mzee alipelekwa hospitali, na siku ya tatu akafariki.

Marehemu alikuwa Mkristo wa parokia yetu. Kwa hiyo kazi ya kuandika jina lake katika Kitabu cha Marehemu ilikuwa yangu. Niliandika siku, umri, na jina la mjane. Nilipofika mahali pa chanzo cha kifo niliandika: ajali ya pikipiki. Kisha nikakaa na kalamu mkononi. Niliyoandika yalikuwa kweli, lakini hayakuwa kweli yote. Kitabu kile hakina nafasi ya kuandika kwamba karani mwenyewe ndiye aliyetoa ufunguo.

Sasa, msomaji, turudi kwenye neno lile la mpwa wangu: "Nimekunywa kidogo tu." Nimelisikia mara nyingi tangu siku ile, tena kwa watu wazima wenye akili zao. Kwa sababu nilifundishwa ualimu, niruhusu nilipige hesabu kama tulivyozoea ubaoni.

Chombo kinachokwenda mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Ulevi ukimchelewesha dereva kwa nusu ya sekunde tu kabla ya kushika breki, amekwisha kwenda mita 7 zaidi bila kufanya lolote. Mita 7 ni kama urefu wa chumba cha darasa. Yule mzee na baiskeli yake hawakuhitaji nafasi kubwa hivyo ili waokoke.

Pombe haimlegezi mtu mikono tu. Humpunguzia macho ya pembeni, humdanganya juu ya umbali wa kitu kilicho mbele, na zaidi ya yote humwongezea ushujaa. Hapo ndipo hila yake ilipo. Kile kinachopimia hatari, yaani akili, ndicho kinacholewa kwanza. Kwa hiyo kumwuliza mlevi kama ameleweshwa ni sawa na kumwuliza aliyelala kama yu macho.

Wako wanaosema, "Atakunywa kahawa nzito, au ataoga maji baridi, itamtoka." La, haitamtoka. Ini ndilo linaloiondoa pombe mwilini, nalo hufanya kazi yake polepole wala halihimizwi. Chupa moja ya bia ya nusu lita yaweza kuchukua saa mbili au zaidi kuondoka. Mtu aliyekunywa chupa sita mpaka usiku wa manane, akaamka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi abiria, bado amelewa, hata kama amepiga mswaki. Na hayo ni ya bia, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Uraka haukuandikwa kitu. Gongo, ambayo wengi huku kusini huiita nipa, ndiyo mbaya zaidi: sheria imeikataza, na hata aliyeipika hajui nguvu yake.

Tena usidhani ni jambo la nchi yetu peke yake. Mwaka 1897 huko London dereva wa teksi aliyeitwa George Smith aligonga nyumba kwa gari lake la umeme akiwa amelewa, akatozwa faini ya shilingi 25. Yeye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuhukumiwa kwa kosa hilo. Magari yalikuwa machache mno wakati ule, na bado ulevi uliwahi kupanda. Leo Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba ajali za barabarani ziliua watu kiasi cha milioni 1.19 mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoua kuliko kitu kingine watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Si zote za ulevi. Lakini kila moja ya hizo za ulevi ilikuwa na mahali pa kuzuilika kabla haijatokea.

Sasa nikueleze habari za sheria, maana vijijini kwetu mengi husemwa yasiyo kweli.

Kwanza, kuna wanaofikiri sheria hii ni ya wenye mabasi na malori. Si hivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo katika vitabu vya sheria ni Sura ya 168, inahusu vyombo vyote vya moto. Pikipiki yako imo, bajaji imo, na trekta la mjomba wako limo.

Pili, sheria imeweka kipimo. Dereva haruhusiwi kuwa na pombe inayozidi miligramu 80 katika mililita 100 za damu yake. Askari wa trafiki wana kifaa cha kupuliziwa kinachoonyesha ulevi, na damu pia yaweza kupimwa. Lakini usikimbilie kupiga hesabu za glasi ili ubaki chini ya kipimo. Mtu akishindwa kukimudu chombo kwa sababu ya kinywaji, hilo lenyewe ni kosa. Kwa anayebeba roho za watu kwa nauli, ushauri wangu ni mmoja: siku ya kazi asionje kabisa.

Tatu, ulevi wa kujitakia si kinga mahakamani. Usitumaini kumwambia hakimu, "Mheshimiwa, sikujua nililofanya." Hakimu atakuuliza ni nani aliyeinua kikombe. Adhabu yaweza kuwa faini, au kifungo, au vyote viwili, na mahakama yaweza kumnyima mtu leseni. Na kama mtu ameuawa, shauri linakuwa zito kuliko lile la kukamatwa njiani tu.

Nne, na hili ndilo lililotupata sisi. Baada ya mazishi wazee wa pande mbili walikaa. Dada yangu aliuza sehemu ya mikorosho aliyoachiwa na mama yetu, akalipa gharama za hospitali na za matanga, na akatoa mkono wa pole kwa mjane. Wazee wakasema, "Yamekwisha." Wengi wetu tuliamini hivyo. Lakini hayakwisha. Kumpa pole aliyefiwa ni wajibu wa mtu mwema, nami nasifu waliofanya hivyo. Ila kesi ya jinai si ya mjane wala ya wazee. Ni ya Jamhuri. Jamhuri haikukaa nasi mkekani siku ile, wala haikupokea kitu. Mpwa wangu alishitakiwa, akakiri kosa lake, akafungwa.

Alikaa gerezani misimu miwili ya korosho. Pikipiki, ambayo deni lake lilikuwa halijamalizika, iliwekwa kituoni kuwa kielelezo, ikapigwa na jua na mvua. Mikorosho ya dada yangu ilichumwa na mtu mwingine. Hesabu hayo yote, msomaji, kisha uyapime na bei ya usiku mmoja wa kulala kwenye mkeka nyumbani kwa mwenye arusi.

Labda utasema, "Mbona karani hakushitakiwa?" Naam, hakuna aliyenishitaki. Mahakama ilimtafuta aliyeshika usukani, nayo ilifanya haki. Lakini kuna baraza jingine ambalo mtu hulibeba mwenyewe popote aendapo. Katekisimu ya Kanisa, katika namba yake ya 2290, inawataja waziwazi wanaohatarisha wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, na kusema kwamba hatia yao ni nzito. Nilipoisoma nilijiuliza: na yule aliyeona akanyamaza?

Kwa muda wa miezi mingi nilimkwepa mjane. Akija ofisini kuomba nia ya Misa kwa ajili ya mumewe, nilimwandikia bila kumtazama usoni. Mwishoni sikuweza tena. Nilikwenda nyumbani kwake Jumapili moja alasiri. Alikuwa akipepeta mtama. Nikamwambia, "Mama, ufunguo ule ulikuwa kwangu. Mimi ndiye niliyempa."

Akaendelea kupepeta kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, nilijua. Watu walisema siku ileile. Nilikuwa nangoja uje mwenyewe."

Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala sikumwomba aseme. Alinivutia kigoda nikaketi.

Basi tangu hapo nimejiwekea kazi nyingine, isiyo na mshahara. Wachumba wanapokuja kuandikisha ndoa yao na kupanga matangazo, nikimaliza maswali ya kitabu huwauliza swali langu: "Siku ya arusi, nani atashika funguo?" Mwanzo hucheka. Halafu nawaeleza, nao huacha kucheka.

Jambo lenyewe ni rahisi. Kamati ya arusi, au ya jando na unyago, imchague mtu mmoja asiyekunywa, mwenye umri na moyo mgumu. Afadhali awe mama mzee kama yule wa masufuria, maana vijana humwogopa. Kila mgeni aliyekuja na chombo akabidhi ufunguo kabla ya kuonja chochote. Mwenye shughuli aandae mikeka na mahali pa kulala, kama anavyoandaa wali. Mtu asiyeweza kuwalaza wageni wake apunguze kinywaji, au amalize shughuli kabla ya jua kuchwa. Wala asiwepo mtu wa kumlipa bodaboda kwa glasi badala ya fedha. Huo si ukarimu. Ni kumnunulia jeneza.

Nanyi akina mama mnaopanda nyuma na mtoto mgongoni, msione haya kushuka. Mkinusa pombe kwa dereva, shukeni. Nauli iliyopotea hupatikana tena. Nanyi akina baba, mfundisheni kijana wenu tangu anapoanza kujifunza pikipiki kwamba kuomba kulala ugenini si udhaifu.

Wako watakaosema karani anataka kuondoa furaha katika arusi. Hasha. Bwana Yesu mwenyewe alikwenda arusini Kana, na divai ilipokwisha hakuwaacha wenyeji waaibike. Lakini kumbuka kwamba wageni wale walirudi kwao kwa miguu.

Msimu uliopita nilishika funguo katika arusi moja, kwa kuwa mama aliyechaguliwa aliugua. Mtu mmoja mzima, mwenye heshima zake, alinijia usiku akitaka ufunguo wa gari. Nikamkatalia. Alinitukana mbele ya wakwe, akanitaja na mama yangu. Haya ilinipanda usoni ileile ya mwaka 2021, tena nzito zaidi. Nikabaki nimekalia mkoba. Mwishoni alichoka, akalala kibarazani. Asubuhi alikuja kimya, nikampa ufunguo wake, akaondoka bila ya kunishukuru. Wala sikuhitaji shukrani. Nilitazama vumbi la gari lake likipotea njiani, nikajua kwamba ukurasa mmoja katika kitabu changu umebaki mweupe.

Mpwa wangu amekwisha rudi. Hapandi tena pikipiki. Kila mwaka, wakati wa kupalilia, hupanda kuja huku juu kwa basi, akaenda kusafisha shamba la korosho la yule mjane, asichukue malipo. Mjane humpa maji ya kunywa. Hajampa neno zaidi ya hilo, nasi hatumlaumu.

Ndugu msomaji, labda Jumamosi hii nawe umealikwa mahali. Atakapokujia mtu na macho mekundu, akakunyoshea mkono akisema amekunywa kidogo tu, nawe ukaanza kuona haya, nikumbuke mimi. Haya hupita asubuhi. Niliyoyaandika mimi katika Kitabu cha Marehemu hayafutiki.

Ni mimi ndugu yenu,
Karani wa Parokia, Newala